Picha ya babu na reli ya mkonge

Makambako, Njombe

Rafiki yangu Lusajo,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kwamba baridi ya Uyole haijawasumbua sana. Nakuandikia kuhusu ile picha ya babu akiwa amesimama relini, ambayo ulipoiona wakati wa matanga ulisema bila kusita kwamba ni ya ujenzi wa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na Wachina. Huku kwetu kila picha ya kale yenye reli hupewa Mchina, lakini mimi nimeichunguza upya na sikubaliani nawe.

Tazama kwanza njia yenyewe. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na imelazwa juu ya mataruma ya zege. Katika picha babu ameweka mguu mmoja kwenye kila pau bila hata kujitanua, na mataruma ni vyuma vyembamba vilivyoungwa na pau zake, kiasi kwamba watu wachache waliweza kuinyanyua njia kipande kwa kipande na kuihamishia kwingine. Karatasi nayo imekatwa kingo za mawimbi, mtindo wa miaka ya 1940 na 1950, ilhali ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970.

Jibu lenyewe limo katika mzigo. Yale matita juu ya matoroli, ambayo wengi huyaona kama kuni, ni majani ya mkonge. Jani hilo karibu lote ni maji. Singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na likinyauka kabla ya kufika korona, ile mashine ya kutoa singa, nyuzi hutoka kwa shida. Ndiyo maana mashamba ya Tanga yalitandaza reli ndogo hadi katikati ya mkonge, maana uzito wote huo, ambao sehemu kubwa yake hutupwa, ulipaswa kufika mashineni ungali mbichi.

Utauliza Mbena alifikaje huko. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba aliyechukuliwa kutoka mbali. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ilitoa watu wengi, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa fedha na kazi ya mshahara hapa ilikuwa haba. Bibi anakumbuka kwamba lori lilimchukua babu wakati shangazi mkubwa alikuwa hajaanza kutembea, na cheti cha ubatizo wa shangazi ni cha 1951. Kwa hiyo naiweka picha katika miaka ya mwanzo ya 1950. Nadhani babu, ambaye hakupenda kabisa kuzungumzia mkonge, aliwaacha watu waamini habari ya TAZARA kwa sababu ilikuwa na heshima zaidi, nami simlaumu.

Limebaki swali la shamba gani. Naambatanisha nakala; tafadhali mwonyeshe baba yako mdogo aliyekaa Korogwe, umwulize kama anautambua mlima ulio nyuma ya matoroli, kisha unijibu kabla ya Pasaka, kwani wajukuu wanataka kuitia picha kwenye fremu pamoja na maelezo yake.

Wako,
Festo