Barua kwa Baba Zuhura: bei ya magrili 60

Gerezani, Dar es Salaam

Swahiba Baba Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Huku tu wazima, joto ndilo linalotutesa, na umeme nao ukikatika saa nne basi vijana wanalala hadi adhuhuri. Ujumbe wako nimeusoma. Hongera kwanza, maana magrili 60 ya madirisha kwa tajiri mmoja si kazi ya kuokota. Lakini hilo punguzo la asilimia 20 analotaka umkatie, usimkatie.

Chukua hesabu yako mwenyewe uliyonitumia. Grili moja unauza 120,000. Chuma 70,000, vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia, rangi, umeme wa LUKU na kigari cha mizigo (kirikuu) 10,000, vijana 20,000. Kinachobaki kwako ni 20,000. Sasa asilimia 20 ya 120,000 ni 24,000. Ameomba faida yako yote, na juu yake umwongeze 4,000 kutoka mfukoni. Mimi siku hizi mteja akianza na asilimia namrudisha kwenye shilingi kwa kila grili. Asilimia inakatwa kwenye bei nzima, wakati mwenye duka la chuma hajapunguza asilimia yoyote, wala LUKU, wala kijana anayeshika grinda. Mzigo wote unakuangukia wewe.

Sisemi usipunguze. Kazi nyingi ina nafuu yake, na nafuu hiyo ndiyo ya kugawana naye. Ila uitafute kwanza ilipo, uijue ni kiasi gani, halafu ndipo ufungue mdomo.

Nafuu kubwa iko kwenye ukataji. Umesema madirisha ni ya aina mbili, vipande virefu mita 1.4 na vifupi 1.05. Ukitengeneza grili la dirisha kubwa peke yake, bomba la mita 6 linakupa vipande vinne na kinabaki kipande cha sentimita 40 ambacho hakina kazi. La dogo peke yake, vipande vitano, na unatupa sentimita 75. Lakini ukiwa na yote mbele yako, kata viwili vya 1.4 na vitatu vya 1.05 kwenye bomba moja: mita 5.95, na diski inamalizia kilichobaki. Kwa oda ya grili mojamoja huwezi kupanga hivyo. Kabla ya kununua hata bomba moja, kaa na daftari upange mikato yote. (Pima bomba dukani, kuna mengine yanauzwa kama ya mita 6 na hayafiki. Hapo hesabu yote inavurugika.)

Nafuu nyingine ni kiolezo. Tengeneza kimoja cha kila saizi, kifunge mezani, vijana wawe wanapanga vipande na kuchomelea bila kupima upya. Grili la kwanza litawachukua muda uleule wa siku zote, la kumi litakwenda haraka. Na chuma ukinunua kwa mkupuo mmoja unapata bei ya jumla, na kirikuu kinakwenda mara chache. Kwa makadirio yangu chuma kitashuka hadi 65,000, vitu vidogovidogo na usafiri hadi 7,000, ufundi wa vijana hadi 18,000. Gharama inatoka 100,000 inakuwa 90,000. Hiyo 10,000 ndiyo nafuu. Mpe 7,000, ubaki na 3,000. Bei 113,000, faida yako 23,000. Umempunguzia na wewe umepata zaidi. Ukimpa ile anayotaka, bei inakuwa 96,000, na hata ukivuna nafuu yote unabaki na 6,000 kwa grili.

Sasa kuna mambo ambayo wingi hauyapunguzi, na matajiri wetu hawapendi kuyasikia. Kufunga ni kulekule. Grili la ghorofa ya tatu linapandishwa kwa mabega na linahitaji jukwaa, kwa hiyo la juu ni ghali kuliko la chini. Na "yote saizi moja" usiamini hata kidogo. Fundi wa plasta akinenepesha upande mmoja, dirisha limekwisha kuwa jingine. Nenda na futi yako, pima matundu yote 60, uyaandike kwa namba kila moja, ndipo ujue mangapi yanaingia kwenye kiolezo na mangapi ni ya peke yake. Halafu kumbuka, wakati karakana imejaa magrili yake, yule mama wa geti moja anayelipa taslimu atakwenda kwa jirani yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si bei, ni hizo 60 zenyewe. Umeandika kuwa anataka uanze na 20 "halafu tutaendelea". Swahiba, huo wimbo tunaujua. Jirani yangu hapa alipewa bei ya jumla kwa milango ya nyumba nzima, akatengeneza ya chumba cha mbele, na nyingine hakuziona tena. Bei ya 60 ni ya mtu aliyeagiza 60 kwenye karatasi moja na kutoa kianzio cha chuma chote. Kama hawezi kutoa hicho kianzio, mpangie hivi: 20 za kwanza 120,000, 20 zinazofuata 113,000, 20 za mwisho 106,000. Jumla ni 6,780,000, sawasawa na kumuuzia zote 113,000. Tofauti ni kwamba akiishia 20 za kwanza, umelipwa bei yako ya kawaida na hana punguzo la kuondoka nalo. Na hiyo 106,000 ataipenda, ni namba ya kuwasimulia wenzake. Akikataa mpango huo, basi ujue zile 40 nyingine hata yeye hana uhakika nazo.

Kila fungu lilipwe kabla hujaanza jingine. Usikubali abakize asilimia 20 "mpaka wapangaji waingie". Kwenye bei ya 113,000, asilimia 20 ni 22,600, yaani karibu faida yako yote imekaa mfukoni mwake ikisubiri wapangaji. Kama atakayelipa ni kampuni yake na si yeye binafsi, watakata kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya ufundi. Tenganisha ufundi na vifaa kwenye ankara, na udai cheti cha hiyo kodi. Andika pia kwamba bei hii ni ya wiki mbili tu, maana chuma hakina adabu.

Akisema ananunua vifaa mwenyewe na wewe uwe ufundi tu, sawa, lakini hapo usipunguze hata shilingi. Nafuu ya mikato na ya bei ya jumla itakuwa yake tayari.

Nitumie ile orodha ya vipimo ukishapima. Kesho kutwa napita maduka ya chuma hapa Gerezani, nitakuulizia bei ya bomba kwa idadi yako na kama wana gari linalokuja Morogoro. Mama Zuhura mwambie ule mkeka nimeupata, nautuma na huo mzigo.

Swahiba wako,
Baba Shabani