Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: katapila lisimame kwanza, watu walipwe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, salamu na pole na majukumu. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu barua za kijiji tumeshaandika, mtendaji kagonga muhuri, zimepokelewa masjala kwako na majibu hakuna. Jina la kijiji na la kampuni siyaweki maana walinzi wao tunaishi nao humu humu, ila wewe unatujua, ulikaa na sisi chini ya mwembe pale shule ya msingi.

Jumamosi iliyopita katapila la kampuni inayokuja kuchimba kinywe, yale madini ya grafiti, limepita shamba la shangazi yangu. Mikorosho yote ya upande wa barabara imelazwa, na ilikuwa ndo imetoa maua, salfa tumeshapulizia, na hajalipwa hata shilingi. Shangazi kafika anakimbia anauliza kuna nini, mlinzi anamwambia mama hili eneo la kampuni toka, opareta hata injini hakuzima. Mkorosho mmoja umelala mizizi juu na ile namba nyekundu waliyouchora siku ya uthamini, walipokuja kuhesabu mali za kulipiwa fidia, inasomeka vizuri kabisa. Yani waliuhesabu, wakauandika, halafu wakaung'oa bila kuulipia.

Mheshimiwa, siku ile ulisema kwa mdomo wako hakuna atakayeguswa kabla hela haijaingia kwenye akaunti yake. Wazee walikupigia makofi. Wazee hao hao walipiga dole gumba kwenye fomu za uthamini ambazo nakala hatukupewa mpaka leo, na tukaambiwa kuanzia sasa usipande kitu cha kudumu, usijenge, usiongeze hata chumba. Tukatii. Ukuta wangu wa nyuma umeanguka masika nimeziba na turubai, watoto tumelala nao chumba kimoja, kwa sababu nikiukandika tu naambiwa najiongezea thamani nile hela ya kampuni. Mtu unaishi kwenye nyumba yako unaogopa kuitengeneza, mvua ikianza usiku mnaamka wote mnasogeza magodoro, hayo ni maisha gani Mheshimiwa?

Na sheria ipo. Ibara ya 24 ya Katiba inasema mali ya mtu haichukuliwi bila fidia inayostahili. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ilipwe mapema, ikipita miezi 6 inaanza kuzaa riba, ikipita miaka 2 ule uthamini umekufa, mthamini anarudi shambani upya. Wa kwetu umepita huo muda. Sasa wanatulipa kwa bei ipi na wanavunja kwa karatasi ipi?

Tukienda kampuni wanasema sisi tumepewa leseni na serikali, madai pelekeni huko. Tukija ofisini kwako tunaambiwa mwekezaji ndo mlipaji mfuateni. Mimi nahisi kuna mahali faili limekaliwa, au labda kampuni inasubiri hela kutoka kwa wenye hisa huko nje, kweli sijui, ila lolote liwe shangazi yangu hausiki nalo.

Na hilo la leseni naomba tulimalize. Kampuni ikitoka kwao kuja kuchimba kwetu haiachi haki za binadamu uwanja wa ndege. Umoja wa Mataifa mwaka 2011 ulipitisha miongozo ya biashara na haki za binadamu, inasema serikali ina wajibu wa kumlinda mtu, na kampuni nayo ina wajibu wake wa kuheshimu haki zake popote inapofanya kazi, hata kama serikali ya pale imelegea, na aliyeumizwa apate pa kulalamika akasikilizwa. Kwa hiyo leseni siyo kibali cha kung'oa mikorosho ya mtu. Na siku hizi hawa watu wanashitakiwa mpaka kwao. Watu wa Nyamongo, kule Mara, walifika mahakamani London kwa mambo ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, kesi ikaisha kwa makubaliano 2015. Wanakijiji wa Zambia 2019 mahakama ya juu ya Uingereza iliwaruhusu kumshitaki Vedanta, kampuni mama ya mgodi wa kule kwao, kule kule Uingereza. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya Kanada ikakataa kuifuta kesi ya Waeritrea waliosema walilazimishwa kufanya kazi kwenye mgodi wa Bisha huko kwao, uliokuwa na mkono wa kampuni ya Kanada. Sisi hatutaki kufika huko, nauli yenyewe ya kuja wilayani ni shida. Tunataka yaishie hapa hapa.

Hiki kinywe kinaenda kwenye betri za magari ya umeme, wenzetu huko wapumue hewa safi, sawa, hatujakataa. Mgodi hatujaukataa hata siku moja, hilo naomba uliandike. Vijana wanataka kazi. Tunachokataa ni kuvunjiwa kabla ya kulipwa. Wewe unakumbuka Mtwara 2013, ishu ya bomba la gesi kwenda Dar, watu walianza kwa kuuliza tu tutapata nini, ikafika Mei watu wamekufa. Sitaki kijiji chetu kifike huko, ndo maana naandika sasa hivi kabla vijana hawajaamua vingine, na wameshaanza kukaa vikao vya usiku.

Ombi langu ni moja. Katapila lisimame. Mthamini arudi, kila mtu apewe nakala yake, alipwe na riba yake, shangazi alipwe na mavuno ya msimu huu ambayo hatayaona tena, halafu wachimbe. Na uje wewe mwenyewe pamoja na meneja mwenye uwezo wa kusaini, siyo yule afisa mahusiano anayeandika kwenye daftari kila mkutano akaondoka. Lakini hata kabla hujaja piga simu tu, lisimame, maana shamba linalofuata baada ya la shangazi ni la mjane mwenye watoto wadogo na alama za mpaka wameshachomeka juzi.

Ni mimi mkulima wa korosho, Lindi.