Tunataka kuendesha baiskeli, njia ziachwe wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mi nakaa Kimara, kazi yangu Kariakoo, naenda kwa baiskeli na jioni nikirudi napitia mazoezi ya judo (mchezo wa kuangushana) Magomeni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watu mjini wanalia hawana muda wala hela ya gym, jamani muda si ndo huo unaoishia kwenye foleni Ubungo?

Baiskeli na judo vinasaidiana sana. Baiskeli inakupa pumzi na miguu ila mgongo unainama na nyonga zinakaza, sasa ukiingia kwenye judo mwili mzima unafunguka. Tena judo, ambayo Jigoro Kano aliianzisha Japani mwaka 1882, unaanza kwa kufundishwa kuanguka, unakunja kidevu, unapiga mkono chini, kichwa kisiguse, na kwa mpanda baiskeli wa Dar hilo ni somo kubwa (kofia ngumu vaa vilevile).

Shida ni njia. Pembeni mwa Morogoro Road unakuta bodaboda zimepaki, meza za biashara, magari, unalazimika kuingia barabarani kwenye malori. Sisemi wafanyabiashara wafukuzwe, nao wanatafuta riziki, watafutiwe sehemu nzuri yenye wateja. Na waajiri nao wawawekee watu sehemu ya kufungia baiskeli na bafu la kujimwagia maji, wengi wataanza hata kesho.

Mpanda baiskeli,
Kimara, Dar es Salaam