Besti, ile skolashipu nimeikataa

Mambo vipi besti, natumaini uko poa na nyumbani kote wazima, huku kwetu Mbarali tunashukuru Mungu. Meseji zako nimezisoma zote na nimeona ulivyokasirika, nikasema hapana hii siyo ya kujibu wasapu mistari miwili, ngoja nikuandikie vizuri maana naona waliokusimulia wamekupa nusu nusu.

Ni kweli ile skolashipu ya kampuni ya mgodi nimeikataa. Ada ya chuo miaka minne, hela ya kula, laptopu, fildi juu yao, na ukimaliza ajira inakusubiri mgodini. Umesema wenzetu wanazunguka na bahasha mtaani mwaka wa tatu huu hawajapata kitu na hilo sikubishii hata kidogo, kaka yangu mwenyewe ana digrii na anaendesha bodaboda Igawa, kwahiyo thamani ya ajira naijua vizuri sana. Ila besti wewe umeisikia ofa, mkataba hujausoma. Mi nimeusoma wote, na vile vipengele vya herufi ndogo nimerudia mpaka nimeelewa.

Ukimaliza chuo unawatumikia miaka minane, yaani kila mwaka waliokulipia unaurudisha miwili. Kituo wanapanga wao. Kozi wanachagua wao na wameshachagua, uhandisi wa migodi, huruhusiwi kubadili. Ukiacha chuo au ukiacha kazi kabla ya muda unarudisha kila shilingi na riba juu, kwa mkupuo, ndani ya siku 30. Alafu kuna kipengele kinasema vyeti halisi, cha fomfoo, cha fomsiksi na cha chuo chenyewe, vinakaa ofisini kwao mpaka umalize miaka yako. Sasa niambie, bosi akikunyanyasa unaondokaje na vyeti vyako viko kabatini kwake? Unaombaje kazi sehemu nyingine? Nina miaka 20 sa hivi, jumlisha minne ya chuo na minane ya kwao, nakuja kuvishika tena vyeti vyangu nina 32. Hapo katikati ndo umri wa kuolewa, kuzaa, kusoma masta, kujaribu kitu na kukiacha, na yote hayo inabidi nikaombe ruhusa kwa mtu ambaye wala hanijui.

Na kilichonimaliza kabisa ni mdhamini. Wanataka mtu mwenye mali isiyohamishika, na mjomba alikuwa tayari kuweka shamba lake la Ubaruku, lile la mpunga, ambalo we unajua wanaolima pale ni mama na mama mdogo na ndo lililotulisha tangu baba afariki. Mjomba alishavaa miwani, karatasi iko kwenye meza ya chai, anaulizia kalamu kwa watoto. Nikaiweka mkono juu ile karatasi nikamwambia mjomba nakuomba usisaini. Alishtuka. Maana mimi nikichoka kule mgodini siumii peke yangu, shamba linaondoka na mama anabaki anaangalia tu.

Tuliongea sana usiku ule. Mjomba ni mtu wa Mwalimu, akanikumbusha 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar walivyoandamana kupinga JKT ya lazima, ile ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere akawafukuza karibu 400 na yeye mwenyewe akajikata mshahara asilimia 20, akasema nchi ikikusomesha lazima uitumikie. Nikamwambia mjomba hapo mi sina ubishi, JKT nimeenda (na wewe besti ni shahidi, tulikimbia mchakamchaka wote) na kesho wakiniita tena naenda. Lakini ule wa Mwalimu ulikuwa wajibu kwa nchi, na wakubwa nao waliubeba. Huu ni mkataba wa kampuni, wao wakiona biashara mbaya kuna kipengele kinawaruhusu kunisitisha kwa notisi ya mwezi mmoja, mimi wamenifunga miaka minane. Hapo alinyamaza, akakunja ile karatasi akairudisha kwenye bahasha.

Sasa umeniuliza nitasomaje. Naomba mkopo Bodi ya Mikopo, ile ya serikali. Najua na wenyewe ni deni, tena refu, nikiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani kwenye laki tisa inaondoka laki na elfu thelathini na tano kila mwezi na inauma. Lakini ile asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa 2021, deni halijiongezi tena kila mwaka kama lilivyowatesa kaka zetu. Na kikubwa besti, Bodi hawanipangii kozi, hawanipangii pa kuishi, vyeti vinakaa kwenye sanduku la mama. Nikiacha kazi leo nikaanza nyingine kesho ni deni lilelile linanifuata. Wakinipa mkopo nusu nusu nitakata rufaa, nikikosa kabisa nalima msimu mmoja naomba tena mwakani.

Na nataka kusoma umwagiliaji pale SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, hilo unalijua tangu fomu five. Mi nimekua naona mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi kule chini, kila mwaka watu wa juu na wa chini wanagombania maji, mifereji inavuja, maji yanamwagika njiani wakati mwenye shamba la mwisho hana hata ya kusia mbegu. Nataka kukaa kwenye hiyo shida. Sisemi waliosaini wamekosea, kuna mtu nyumbani kwao hakuna hata mlo wa pili na ule mkataba ni mlango, namuombea heri kwa moyo wote. Mi nyumbani kuna mpunga, naweza kusubiri, kwahiyo nasubiri.

Usikasirike tena basi. Nitakutumia picha za kurasa zote, mpe dada yako anayesoma sheria aangalie kama kuna kipengele nimekielewa vibaya, akinionyesha nitamsikiliza. Na wewe maliza uhakiki wa cheti chako cha kuzaliwa RITA mapema, usisubiri wiki ya mwisho mtandao uanze kusumbua. Mama yako mpe shikamoo yangu, mchele wa mavuno haya nampa konda wa basi la Ijumaa, mwambie aupokee Mbezi.