Walimu wetu wa upasuaji hawakuwa wanyanyasaji

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, ila ile habari ya wiki iliyopita kuhusu walimu wa udaktari wa zamani imenikosesha usingizi. Mmeandika eti walikuwa wanyanyasaji, na kwamba siku hizi mwanafunzi anajifunza kushona kwa kuangalia video hosteli, ndo maendeleo. Hapana jamani.

Mimi nilisoma Muhimbili. MV Bukoba inazama Mei 21, 1996, nilikuwa mwaka wa nne. Enzi hizo kijana wa Mwanza akitaka digrii ya udaktari anapanda treni, Tabora, Dodoma, mpaka Dar, maana chuo kikuu hapa Bugando kimekuja kuanza 2003.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kanda hii ya ziwa. Siku ya kwanza alimpa kila mmoja uzi, akasema nenda kafunge mafundo mia kwenye mguu wa kiti, kesho naja kuyakagua. Akaja kweli. Aliinama pale kwenye kiti changu, miwani imeshuka puani, akawa anavuta fundo mojamoja kwa ukucha, linaloteleza analikata kwa mkasi. "Hujapishanisha mikono," akaniambia. Ukizungusha uzi upande huu, mara ya pili lazima uzungushe kinyume, ukirudia uleule fundo halishiki. "Nyumbani wavu ukilegea anatoroka sato, huku anakufa mtu."

Halafu usiku mmoja tukampokea kijana utumbo umetoboka kwa taifodi, tumbo limejaa usaha. Saa tisa usiku, mimi nimeshika vyuma vya kupanulia tumbo, mikono inatetemeka. Kabla ya kufunga Mzee, yaani mwalimu wetu, akauliza gozi, vile vitambaa vya kunyonya damu, zimetimia? Nami, kwa uchovu na kiherehere, nikadakia, nadhani zimetimia. Akaweka sindano chini. Nadhani? Sista akahesabu upya, imepungua moja. Tukatafuta kwenye ndoo, sakafuni, chini ya meza, mgonjwa bado amelala wazi, mpaka Mzee mwenyewe akapitisha mkono taratibu akaikuta nyuma ya ini, imelowa damu huwezi kuitofautisha na nyama. Akaniwekea kiganjani. Hakupiga kelele. "Hii ingemuua, na wewe ungekuwa umeshalala." Asubuhi akaninunulia chai na chapati mbili, tukapanda wodini pamoja kumwona yule kijana. Sasa huo ndo unyanyasaji mnaousema? Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa hospitali nane duniani, moja yao ipo Ifakara hapahapa kwetu, walitumia orodha ya kukagua kabla na baada ya upasuaji, kuhesabu gozi ikiwemo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Dunia imekuja kuandika kwenye karatasi kitu ambacho wazee wetu walikuwa wanatukalia kooni nacho miaka yote, halafu nyie mnawaita wakatili!

Na kama mnataka kuandika kuhusu ukatili, andikeni kuhusu simu wodini. Mwaka jana shangazi yangu alilazwa hospitali moja siitaji, mguu umeoza kwa kisukari, wanafunzi wakaja raundi wakaupiga picha bila hata shikamoo, wiki haijaisha picha iko kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na yeye akaiona. Aligeukia ukutani siku nzima hataki kula. Mzee wetu alikuwa hafunui shuka kabla hajavuta pazia na kumwambia mgonjwa, mama, naomba niangalie.

Ushauri wangu ni huu. Mwanafunzi anayeingia wodini mara ya kwanza apelekwe kwanza wiki mbili Igombe akakae na wazee wanaoshona nyavu, mikono yake izoee uzi na kukaguliwa na mtu mzima asiyebembeleza. Wodini kuwe na kapu mlangoni, simu zote zinabaki humo mpaka raundi iishe. Jumamosi mimi sina zamu, nipo tayari kwenda Igombe kukagua hayo mafundo. Mkasi nitakuja nao.

Daktari,
Nyegezi, Mwanza