Kalulu aingie darasani: tunaomba mchango wa vitabu

Kwa wazazi, wazee wa mtaa na wote waliosoma hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, popote mlipo.

Amani kwenu. Tangu mwaka jana walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu wanafundisha Kiswahili kwa hadithi ambazo bibi na babu zetu walisimulia kando ya mbabula, lile jiko la makaa. Zimetoka pande zote, kama sisi wenyewe: za Kibemba, za Kisanga, za Kiluba. Wazee waliotoka Kasai walitukatalia Kalulu, yule sungura mjanja, wakasema mjanja wao ni Kabuluku, yule swala mdogo. Tumewaandika wote wawili, kesi imekwisha.

Inayopendwa kuliko zote ni ile ya kisima. Mito imekauka, wanyama wanachimba, Kalulu anakataa kushika jembe: yeye, ati, umande unamtosha. Usiku anakuja kuiba maji. Mwalimu anaikata hadithi pale Kobe anapojilaza kisimani, gamba limepakwa ulimbo, na kuuliza: sasa? Hapo hakuna anayenyamaza. Mtoto mmoja wa darasa la pili alisimama kumtetea Kalulu, kwamba mwenye kiu hafungwi. Wenzake wakamjibu: mikono iliyokataa jembe ndiyo iliyonaswa. Mwalimu hakuhubiri hata neno. Kisha wanaiandika, na anayesema «balichimba» nyumbani anajifunza kuandika «walichimba» bila kuchekwa.

Shida ni vitabu. Hadithi zote ziko kwenye daftari moja linalozunguka madarasa matatu, na limeanza kuchanika. Tunataka kuchapa kijitabu cha hadithi 12 na picha zake, kila mtoto apate chake. Nakala 180, kwa franga 5,000 kila moja, ni franga 900,000. Mkononi tuna 310,000.

Masomo ya msingi ni bure tangu 2019, na hatutaki mtu aseme tumerudisha ada kwa mlango wa nyuma. Mchango huu ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu yake.

Mweka hazina wa kamati anapokea ofisini kwa mkurugenzi kila Jumamosi asubuhi, na risiti utapewa. Mlio Likasi, Kolwezi au ng'ambo, mwombeni namba ya kutuma pesa kwa simu. Mahesabu yatabandikwa mlangoni mwa ofisi. Asiye na franga alete rimu ya karatasi, au atuletee bibi mwenye hadithi: kiti na chai vipo, na za Fisi bado ni chache.

Kamati ya wazazi