Kontena la taka hununuliwa mara moja, hunyanyuliwa kila wiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wafanyabiashara wa mazao wa Mwanga, hapa Kigoma, tumelijadili kwa miezi kadhaa bila kuafikiana, nalo ni kama kikundi chetu kinunue kontena lake la taka au kiendelee kukodi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi hicho, na kwa kuwa fedha za wenzangu zinapitia mikononi mwangu, nimelazimika kuuliza maswali ambayo baadhi yao waliyaona ni ya kichokozi.

Wanaotaka tununue wana hoja rahisi kueleweka: anayekodi hulipa mwezi hadi mwezi na kontena hubaki kuwa mali ya mkodishaji, ilhali anayenunua hutoa fedha mara moja akapumzika. Nami nilikuwa upande huo mpaka siku niliyokwenda kwa fundi wa kuchomelea kuulizia bei. Alinichorea kwa chaki sakafuni sanduku la mita za ujazo 6, akahesabu mabamba ya chuma, vyuma vya pembe na yale masikio mawili ya kila upande yanayoshikwa na minyororo, kisha akaniuliza, "Mama, gari lenu la kulinyanyua ni la aina gani?" Nilipomjibu kwamba hatuna gari, aliweka chaki chini, akasema hawezi kujua masikio ayaweke wapi wala upana wa sanduku uwe kiasi gani, maana vipimo hivyo vinatoka kwenye mikono ya gari.

Swali lile la fundi ndilo lililonifanya niandike. Huko Marekani, ambako ndugu wa ukoo wa Dempster wa mji wa Knoxville walieneza makontena ya namna hii katika miaka ya 1930, ubunifu wao haukuwa sanduku la bati, kwani sanduku kila fundi analiweza. Ubunifu ulikuwa gari lenye mtambo wa kulinyanyua sanduku hilo, kulimwaga na kulirudisha. Kontena lisilo na gari lake ni jalala lenye kuta.

Sikatai kwamba bei ya kununua ni kubwa. Mabamba ya chuma tunayotumia hapa husafiri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, na fundi hawezi kutuhurumia katika hilo. Lakini gharama hiyo hulipwa mara moja, wakati dizeli ya kupeleka kontena dampo hulipwa kila safari, kwa bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, huzitangaza kila mwezi na ambazo kwa mji ulio mbali na bandari kama wetu hazijawahi kuwa rafiki. Ongeza hapo dereva, matairi na rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu maji ya nyanya na maembe yaliyooza hula sakafu ya chuma kuliko mvua yenyewe. Mfuniko nao una maadui wake, yaani wale wanaopita usiku kutafuta vyuma chakavu.

Halafu kuna uzito, ambao katika vikao vyetu hakuna aliyeutaja. Taka zetu ni mikungu ya ndizi, maganda ya mihogo na majani mabichi, na mita moja ya ujazo ya taka za namna hiyo huweza kufikia nusu tani, kwa hiyo kontena la mita 6 likijaa hubeba kama tani 3. Wakati wa mvua, lisipofunikwa, tunamlipa mtu abebe maji. Mwaka jana jirani mmoja aliyekuwa akibomoa ukuta alitumwagia kifusi usiku, na kwa kuwa mita moja ya kifusi hukaribia tani moja na nusu, gari lilipokuja liliinua magurudumu yake ya mbele badala ya kontena. Tuliajiri vijana wakakitoa kwa koleo. Fedha hizo zilitoka kwenye mfuko wetu, na jirani hadi leo anatusalimia vizuri.

Kukodi nako kuna maumivu yake. Mkandarasi tuliyekuwa naye, ambaye sitamtaja, alitutoza ada moja ya mwezi bila kujali amekuja mara ngapi. Masika yaliyopita kontena lilikaa siku 11 likiwa limefurika, funza wakishuka ukutani, na maji meusi yakifuata mtaro unaoteremka kuelekea ziwani. Ada ya mwezi ule tuliilipa kamili, kwa sababu mkataba haukuwa na mahali palipoandikwa idadi ya safari. Kosa hilo ni letu pia, tulisaini.

Ombi langu kwa Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina jukumu la kusimamia taka ngumu katika eneo lake, ni kwamba mikataba ya makontena itaje bei ya safari moja, idadi ya safari kwa wiki na uzito usiopaswa kuzidi, na kwamba bei hiyo iandikwe kwa rangi ubavuni mwa kontena ili hata muuza mchicha aisome. Wakodishaji wa Marekani hufanya hivyo kwa kawaida: mteja huelezwa tangu mwanzo siku alizopewa, tani zilizomo katika bei, na atakachodaiwa akizidisha. Pia vikundi viwili au vitatu vilivyo mtaa mmoja viruhusiwe kuchangia kontena moja linalonyanyuliwa mara nyingi, badala ya kila kikundi kuwa na lake linalooza.

Kwa wenzangu wa kikundi, wanaoniuliza kila asubuhi nimefikia wapi, jibu langu ni hili. Mchoro wa chaki nimeupiga picha na fundi yuko tayari kuanza. Siku mwenye gari atakaponipa vipimo vya mikono ya gari lake na bei ya safari moja kwa maandishi, nitatoa malipo ya awali siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, fedha zitakaa benki.

Mweka hazina, kikundi cha wafanyabiashara wa mazao,
Mwanga, Kigoma